Kubadilisha swichi ya kikomo cha joto kwenye tanuru la nyumba: mwongozo kamili

Usiku mmoja wa Januari, hapa Minnesota, jirani yangu Mkongo alinipigia simu. "Papa, hita inawaka kidogo tu, kisha inaleta baridi. Watoto wamelala na makoti." Nilipofika, mumewe alikuwa ameshaagiza swichi mpya kupitia intaneti, na ile ya zamani alikuwa anasubiri tu kuing'oa. Nikashuka besimenti na kuufungua mlango wa tanuru. Taa ndogo kwenye bodi ya umeme ilikuwa inapepesa mara nne, inatulia, inapepesa tena mara nne. Nikaivuta filta. Ilitoka imebonyea katikati kama ungo, rangi ya kijivu, vumbi limeshikana juu yake hadi ungeweza kulibandua kama kipande cha blanketi. Tuliweka filta mpya, tukasubiri, tanuru likawaka na kuendelea kuwaka. Swichi ya zamani ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa inafanya kazi iliyowekewa.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu ndilo jambo kubwa ninalotaka ulichukue hapa. Swichi ya kikomo ikikata moto, mara nyingi inasema kweli: ndani kuna joto kupita kiasi. Ukiibadilisha bila kutafuta joto hilo limetoka wapi, swichi mpya itakata vilevile, na wakati huo chuma kilicho ndani kinazidi kuchoka. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye kutafuta chanzo kabla haujagusa bisibisi.

Swichi yenyewe ni nini

Tanuru la gesi linalopuliza hewa, lile ambalo wengi wetu tunaliita hita tu, lina vichomeo chini au mbele, na mabomba au masanduku ya chuma ambamo moto hupita. Hewa ya nyumba hupita nje ya chuma hicho, ikipulizwa na feni kubwa, inapata joto na kwenda vyumbani. Moshi unabaki ndani ya chuma na kutoka kwa bomba la nje. Hewa unayovuta na moshi wa gesi vimetenganishwa na bati jembamba tu. Chuma kikipata joto kupita kiasi mara kwa mara, kinaweza kupasuka, na ufa ukishatokea, hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi inaweza kupata njia ya kuingia vyumbani. Haina harufu wala rangi. Ndiyo maana swichi hii ipo.

Ni kitu kidogo, kama sarafu nene, chenye masikio mawili ya skrubu na ncha mbili za kuchomekea waya. Ndani yake kuna kisahani cha metali mbili zilizounganishwa, ambazo hutanuka kwa viwango tofauti. Joto likifika kiwango kilichopangwa, kisahani hujikunja ghafla, "tik", na umeme unakatika. Kikipoa, kinarudi. Kwa kawaida swichi huwa imefungwa, yaani umeme unapita, na hufunguka penye hatari tu. Mafundi huiita hai limiti, na ukilitaja jina hilo dukani utaelewana na muuzaji.

Matanuru mengi ya kisasa yameifunga kwenye bati lililo juu au nyuma ya vichomeo, kichwa chake kikiwa kimepenya upande wa hewa ya moto. Nyingine zina fimbo ndefu inayoingia ndani inchi kadhaa. Matanuru ya zamani yana kisanduku cha aina ya Honeywell L4064, chenye kisahani cha namba na mishale mitatu ndani: wa kuzima feni, wa kuwasha feni na wa kikomo. Hicho ni kifaa cha kazi mbili na mara nyingi kina umeme wa volti 120 ndani yake, tofauti na volti 24 zinazopita kwenye swichi ndogo za kisasa. Kama chako ni hicho na hujazoea umeme mkubwa, mwachie fundi.

Nani asiiguse

Kama umepanga, mwite mwenye nyumba. Kupasha nyumba joto majira ya baridi kwa kawaida ni jukumu lake, na ukifungua tanuru lake na jambo likaharibika, mzigo utakuangukia wewe. Mwandikie ujumbe, usipige simu tu, ili siku na saa zibaki kwenye maandishi. Walio Ontario, Kanada, wajue kwamba kazi ya vifaa vya gesi huko ni ya fundi mwenye cheti. Hata Marekani, sheria hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo, kwa hiyo uliza mjini kwako.

Na kuna wakati ambapo hata mwenye nyumba haruhusiwi kubaki ndani kupima chochote. Ukisikia harufu ya yai bovu, hiyo ni gesi. Usiwashe taa, usizime taa, toa watu wote nje, na upige 911 au kampuni ya gesi ukiwa mbali na nyumba. Kengele ya kaboni monoksaidi ikilia, au watu kadhaa wakaumwa kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, fanya vivyo hivyo. Kama huna kengele hiyo, inunue kabla ya kununua swichi. Weka moja karibu na vyumba vya kulala.

Dalili zake

Ya kwanza ni ile ya jirani yangu: moto unawaka dakika chache, unazimika kabla nyumba haijapata joto lililowekwa kwenye themostati, feni inaendelea kupuliza hewa inayopoa, kisha mzunguko unaanza upya. Baada ya kukata mara kadhaa mfululizo, bodi nyingi hujifunga zenyewe kwa saa moja au hata tatu, na hapo watu hudhani tanuru limekufa.

Ya pili ni feni kutozima kabisa huku moto hauwaki. Bodi nyingi zikiona swichi imekata, huwasha feni ili kukipoza chuma. Swichi ikiharibika ikiwa wazi, bodi itaendelea kuamini kuna joto hata tanuru likiwa baridi kama barafu. Hii ndiyo dalili inayoelekea zaidi kwenye swichi iliyokufa.

Kabla hujafungua chochote, tazama taa ya bodi kupitia kitundu cha mlango na uhesabu inavyopepesa. Ukishafungua mlango, umeme hukatika na baadhi ya bodi husahau. Matanuru mengi ya kampuni ya Goodman hupepesa mara nne kwa kikomo cha joto. Mengi ya Carrier na Bryant hutoa namba 33, yaani mara tatu fupi kisha mara tatu ndefu. Lakini usitegemee kumbukumbu ya mtu, hata yangu: maana ya kila namba imebandikwa upande wa ndani wa mlango wa tanuru lako.

Kwanza tafuta joto limetoka wapi

Chanzo kikubwa ni hewa kidogo. Moto ni uleule, hewa ya kuuchukua imepungua, basi chuma kinapata moto.

Anza na filta. Ya inchi moja inahitaji kuangaliwa kila mwezi majira ya baridi, na kubadilishwa angalau kila miezi mitatu. Ishike mbele ya taa: usipouona mwanga, itupe. Mshale wake uelekee kwenye tanuru. Nimekuta nyumba zenye filta mbili, moja kwenye dirisha la ukutani linalovuta hewa na nyingine kwenye tanuru lenyewe, wenye nyumba hawajui kuna ya pili. Nimekuta pia filta za inchi moja za MERV 13 (MERV ni kipimo cha uwezo wa filta kushika vumbi jembamba), zilizonunuliwa kwa nia njema kwa ajili ya mtoto mwenye pumu. Zinashika vumbi jembamba vizuri, lakini tanuru lililotengenezewa filta nyepesi linaweza kukosa pumzi. Ukiwa na hitaji hilo, muulize fundi akuwekee kabati la filta pana ya inchi nne au tano.

Kisha zunguka nyumba nzima. Hapa nasema na sisi wenyewe: tunapenda mazulia mapana, makochi makubwa ya kuzunguka sebule, mapazia mazito hadi sakafuni. Matundu ya hewa ya nyumba za huku mara nyingi yako sakafuni, na dirisha la kuvutia hewa liko chini ukutani, palepale kochi lilipoegemezwa. Vuta kochi. Kunja zulia. Fungua matundu ya vyumba vyote, hata kile cha wageni kisicholalwa. Kuyafunga ili kuokoa gesi ni kosa ambalo nimeliona kwenye nyumba nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Tanuru haliwaki kidogo kwa sababu umefunga vyumba vitatu. Linawaka vilevile, na joto linabaki kwenye chuma.

Hewa ikiwa bado hafifu, shida inaweza kuwa ndani: mapezi ya feni yaliyojaa vumbi hadi yakawa kama kijiko kilichojaa uji, kapasita ya mota iliyochoka, au koili ya kiyoyozi iliyo juu ya tanuru iliyoziba kwa chini usipoweza kuiona. Kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuzima, usiishike. Na kuna chanzo kisicho cha hewa kabisa, yaani presha ya gesi iliyo juu kuliko inavyotakiwa. Hiyo hupimwa kwa kifaa chake, na mtu asiye fundi asijaribu kuirekebisha.

Kuipima swichi

Umesafisha njia za hewa na bado linakata, au feni haizimi na moto haujawaka tangu asubuhi. Sasa ndiyo zamu ya swichi.

Zima swichi ya umeme iliyo kando ya tanuru, inayofanana na ya taa, kisha zima na breka kwenye kabati la umeme. Geuza mkono wa vali ya gesi kwenye bomba linaloingia kwenye tanuru, ukae kukingamana na bomba. Kama tanuru lako ni la zamani lenye moto mdogo unaowaka muda wote, nao utazimika, na utahitaji kuuwasha tena kwa kufuata maelezo ya kibandiko. Acha tanuru lipoe kabisa, nusu saa au zaidi.

Toa mlango. Piga picha kwa simu, moja ya mbali na mbili za karibu, waya zote na rangi zake zionekane. Usiruke hatua hii hata kama ni waya mbili tu. Unapoingiza mkono, epuka kiwashio, kile kijiti cha kijivu karibu na vichomeo. Ni rahisi kuvunjika, na mafuta ya kidole peke yake yanaweza kukifanya kipasuke kikipata moto.

Chomoa waya zote mbili za swichi. Shika klipu ya chuma kwa koleo, usivute waya. Weka maltimita, kile kifaa cha kupimia umeme, kwenye kipimo cha omu, yaani ukinzani, gusa ncha moja kwa kila upande. Swichi baridi iliyo nzima husoma karibu na sifuri. Ikiandika OL, yaani umeme haupiti, au namba isiyobadilika kana kwamba hujagusa kitu, imekatika na haitarudi. Ikisoma omu kadhaa zinazorukaruka, mguso wake wa ndani umeungua. Angalia pia ncha zenyewe: kama plastiki imekuwa ya kahawia au klipu imelegea, joto lilikuwa linatoka kwenye mguso mbaya, na klipu nayo itabidi ibadilishwe.

Swichi inayosoma sifuri bado inaweza kuwa imechoka, ikawa inakata mapema kuliko inavyopaswa. Ukishaitoa, jaribu hivi nje ya tanuru: iunganishe na maltimita, ipulizie hewa ya kukaushia nywele kwa karibu, na uweke kipimajoto pembeni yake. Utaisikia "tik", na mita itaandika OL. Iache ipoe, utaisikia tena. Si kipimo cha maabara, ila swichi ya nyuzi 160 za Farenhaiti inayokata ukiwa bado unaweza kuishika kwa vidole bila shida imekwisha.

Jambo moja silikubali hata kwa usiku mmoja: kuunganisha waya mbili ili swichi irukwe. Najua baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri inavyomsukuma mtu. Vaeni makoti, tumieni hita ya umeme iliyochomekwa moja kwa moja ukutani, mbali na vitanda na mapazia, au nendeni kwa ndugu. Tanuru bila kikomo chake linaweza kuchoma nyumba.

Kununua iliyo sawa

Namba ya modeli ya tanuru iko kwenye kibandiko cha ndani. Itumie kutafuta namba ya kipuri chenyewe. Uso wa swichi nao una maandishi. L160-40 maana yake inakata kwenye nyuzi 160 za Farenhaiti, takriban 71 za Selisiasi, na inarudi ikishapoa nyuzi 40 za Farenhaiti, yaani ikifika 120. Nyingine ni za 140, nyingine 200, kutegemea zinapokaa.

Usichukue ya nyuzi nyingi zaidi kwa sababu ile ya zamani "ilikuwa inasumbua". Mtengenezaji alichagua namba hiyo kwa kupima joto mahali hapo hasa. Urefu wa fimbo nao ni sehemu ya kipimo: fupi itasoma hewa ya pembeni, ndefu itagusa au kukaribia chuma. Kipuri cha kampuni nyingine kinafaa iwapo tu orodha yake inaitaja namba ya kipuri cha asili. Bei kwa kawaida ni makumi machache ya dola, chini sana ya gharama ya kumwita fundi usiku.

Kubadilisha

Ukiwa umezima kila kitu kama nilivyoeleza, kazi yenyewe ni ya robo saa.

1. Fungua skrubu mbili. Nyingi ni za kichwa cha pembe sita cha robo inchi, zinataka spana ya bisibisi. Weka kiganja au kitambaa chini yake, skrubu ikidondoka kwenye vichomeo utaitafuta jioni nzima.
2. Vuta swichi taratibu, ukiangalia imekaa upande gani. Kama kuna gasketi nyuma yake, toa yote na uweke mpya.
3. Linganisha ya zamani na mpya juu ya meza: maandishi, urefu, umbali wa matundu. Ipime mpya kwa omu kabla ya kuifunga. Ikisoma OL ikiwa baridi, irudishe dukani.
4. Iingize bila kupinda fimbo, uso ukielekea ulikoelekea wa zamani. Kaza skrubu zishike vizuri, usikaze hadi bati lizunguke.
5. Rudisha waya kwa kutazama picha. Kwenye swichi ya ncha mbili haijalishi waya ipi inaingia wapi. Klipu iingie kwa kubana. Ikiingia kilegevu, itoe, iminye kidogo kwa koleo, uichomeke tena.
6. Elekeza waya mbali na vichomeo na chuma cha moto, kisha rudisha mlango hadi ubonyeze swichi ya mlango. Hiyo ndiyo inayokata umeme mlango ukifunguliwa, isibanwe kwa utepe wa gundi kamwe.

Fungua gesi, rudisha umeme, pandisha themostati. Feni ndogo ya moshi itaanza, kiwashio kitawaka, moto utashika, na baada ya muda mfupi feni kubwa itafuata.

Kuthibitisha

Nyumba kupata joto haitoshi. Kibandiko cha tanuru kinataja ongezeko la joto linaloruhusiwa, kwa mfano nyuzi 35 hadi 65 za Farenhaiti. Acha tanuru liwake dakika 10 hadi 15. Pima hewa inayoingia karibu na filta, kisha hewa inayotoka kwenye njia kuu, baada ya kona ya kwanza ili kipimajoto kisipigwe na mng'ao wa chuma. Toa ya kwanza kwenye ya pili. Inaingia 68 na kutoka 120, ongezeko ni 52, uko salama. Ukipata 75, swichi mpya itakata tu, na bado hujapata chanzo.

Hakikisha pia kwamba swichi inakata inapopaswa. Tanuru likishawaka kama dakika tano, ziba dirisha la kuvutia hewa kwa kadibodi taratibu, kidogo kidogo. Moto uzimike na feni iendelee kupuliza. Mara moto ukizimika, ondoa kadibodi. Usiondoke hapo hata kwenda kufungua mlango wa nje. Kama unaona joto linapanda na moto hauzimiki, ondoa kadibodi, zima tanuru, mwite fundi.

Kitufe chekundu

Karibu na vichomeo utaona swichi nyingine zinazofanana, zenye kitufe kidogo katikati, mara nyingi chekundu. Hizo hukata moto ukitoka nje ya vichomeo badala ya kuingia kwenye mabomba. Zimeunganishwa kwa mfululizo na swichi ya kikomo, kwa hiyo kwenye baadhi ya bodi taa hupepesa namba ileile. Ukikuta kitufe kimeruka, usikibonyeze ukaendelea na maisha. Moto uliotoka nje una sababu: bomba la moshi limeziba, vichomeo vina kutu, au chuma cha ndani kimepasuka. Fundi akikague kwanza.

Na ikiwa swichi yako mpya, yenye namba sahihi, filta safi na matundu wazi, itaanza kukata tena ndani ya siku chache, zima tanuru na umwite fundi akiwa na kipimo cha presha ya gesi na kipimo cha kaboni monoksaidi. Mwonyeshe namba ulizopima. Ziandike pamoja na tarehe na namba ya kipuri kwenye kipande cha utepe wa gundi, ukibandike ndani ya mlango wa tanuru, na swichi ya zamani uiache juu ya kabati hapo hapo aione.